Kamera Namba Tatu

Wahandisi ninaowasimamia siku hizi wakikosa picha kwa nusu sekunde wanaitisha kikao. Kazi yetu ni kurusha mpira na filamu kwenye simu za watu na kwenye vile visanduku vinavyokaa chini ya televisheni, na kwao nusu sekunde ya giza ni msiba. Wanaleta grafu, wanatupiana lawama, huyu anasema kosa ni la programu iliyomo ndani ya kisanduku, yule anasema kosa ni la mtandao. Mimi nawasikiliza kimya, nao wanadhani ni utulivu wa uzee. Ni hasira. Ni hasira ya mwishoni mwa miaka ya tisini na haijapoa, kwa sababu nilimwona mtu akiitwa mwizi kwa kuficha picha ambayo hakuna aliyekuwa na haki ya kuiona, na aliyeipachika kamera ya picha hiyo nilikuwa mimi.

Nilizaliwa jirani na Kolandoto. Baba yangu alikuwa dobi. Nilisoma ufundi Dar es Salaam, nikarudi Shinyanga na cheti kizuri ambacho kila ofisi ilikisifia na kunirudishia. Aliyenipa kazi ni mzee mmoja wa Kihindu, mwenye duka la redio na televisheni mjini. Juu ya paa la duka alikuwa na dishi kubwa la kutosha kuogeshea ndama, na chumba cha nyuma alikuwa na deki mbili za video. Kutoka chumba hicho tulivuta waya juu ya nguzo na miarobaini mpaka sebuleni kwa watu. Mkanda ukiwekwa dukani, mtaa mzima unatazama filamu ileile kwa wakati uleule. Leo kazi hiyo ina jina refu na watu wanaisomea digrii. Sisi tuliiita kuvuta waya.

Mzee alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja. Filamu zake zilikuwa na nyimbo nyingi na machozi mengi, na mara chache zilikuwa na mabusu, na ikifika hapo ilikuwa lazima mtu abonyeze kitufe ili nyumba zote zipate skrini ya bluu, mpaka mambo yaishe. Siku ya kwanza nilibisha. Nilimwambia watu wazima wanajua wanachotazama.

"Binti," akaniambia, "pale sebuleni amekaa baba mkwe, na pembeni yake amekaa mkamwana wake anamenya viazi. Ukiwaletea hiyo, watatazamana vipi kesho?"

Nikakubali, maana alikuwa Mhindi wa Shinyanga na alikuwa amewaelewa Wasukuma kuliko mimi Msukuma mwenye cheti.

Kazi ya kubonyeza bluu alikuwa nayo kijana mmoja niliyemkuta dukani. Nitamwita Fundi. Jina lake silitaji. Lilibandikwa getini mara moja na inatosha. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba, lakini alikuwa amefungua na kufunga redio nyingi kuliko walimu wangu wote wa chuo. Alizijua filamu zote kwa moyo, na bluu yake haikuchelewa wala kuwahi. Mtu wa kukaa kimya, mwenye utani wa chini chini. Wateja waliokuja kulalamika kwamba bluu imekuwa ndefu aliwaambia, "Nilikuwa nawapa nafasi mnywe maji."

Nilimfundisha chipu. Nilikuwa nimerudi na kifaa cha kuandikia programu kwenye zile chipu za zamani zenye kidirisha cha kioo mgongoni, unazipachika ndani ya kisanduku nacho kinaendesha pampu au taa bila mtu kukigusa. Ukitaka kufuta ulichoandika, chipu inahitaji mwanga mkali wa taa maalumu. Taa hiyo hatukuwa nayo. Fundi akaanza kuzianika chipu juu ya bati la duka, kidirisha kikitazama jua, wiki nzima, kama bibi anavyoanika michembe ya viazi vitamu. Mchana akipanda kuzigeuza, Mzee anauliza kutoka chini kama zimeiva. Baada ya mwaka Fundi alikuwa anaandika programu safi kuliko zangu, na mimi nilijivuna kwa ajili yake kama mtu aliyemzaa.

Halafu dhahabu ikaanza kuita watu. Kampuni moja ya wageni ilikuwa imefungua mgodi mdogo upande wa Geita, mgodi ambao umekwisha kufa na siutaji. Walitaka mtu wa kuwafungia kamera na visanduku vya kuendeshea pampu. Mzee akanisukuma niende, akasema duka lake limeshakuwa dogo kwangu. Nikapewa cheo kirefu kuliko ofisi: Meneja wa Mitambo ya Picha na Udhibiti, ndani ya kontena lenye feni moja. Nikamchukua Fundi awe mkono wangu wa kulia.

Kamera zilikuwa nne. Ya kwanza ilitazama geti, ya pili karasha la kusagia mawe, ya nne ghala. Picha zote ziliingia kwenye skrini moja ghorofani, kwenye chumba cha walinzi, na kisanduku tulichokiunda sisi wenyewe kilizibadilisha zamu kwa zamu, kila moja sekunde kumi, huku deki ikirekodi kila kinachopita. Programu ya kisanduku niliandika mimi. Aliyekaa mbele ya skrini alikuwa Fundi pamoja na mlinzi mmoja, wanaume wote wawili.

Ya tatu ilikuwa kwenye chumba cha upekuzi cha wanawake.

Nieleze chumba hicho, maana nikikipita haraka nitakuwa nimerudia dhambi yangu. Palikuwa na uwanja ambapo wanawake kama thelathini walichambua mawe kwa mikono kabla hayajaenda kwenye karasha. Saa kumi alasiri walitoka wakipitia kichumba cha mabati, wawili wawili, wakafungua khanga na vilemba mbele ya mlinzi wa kike, wakakung'uta, wakafunga, wakatoka. Mkuu wa ulinzi, mgeni, alisema mlinzi wa kike naye anaweza kuhongwa, kwa hiyo anataka jicho juu yake. Niliuliza nani atatazama. Akasema kwa sasa itaingia skrini ya juu, baadaye watanunua skrini ya pili na kuiweka kwa walinzi wa kike. Kwa sasa! Nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote na sijaona kitu kinachodumu kama kilichowekwa kwa sasa.

Nilitoboa bati kwa mkono wangu. Nikasimama katikati ya chumba ili kamera ipangwe, na Fundi akawa juu akiniongoza kwa redio ya upepo: "Kulia kidogo, dada. Hapo. Inaonyesha kuanzia shingoni mpaka magotini." Nilisimama pale nimevaa ovaroli yangu nzito, nikajua mwanamke atakayesimama hapo hatakuwa nayo, na nikaendelea. Nilikuwa mwanamke pekee mwenye cheo katika mgodi ule na sikutaka waseme nimeanza mambo ya kike. Hiyo ndiyo sababu yangu, na mpaka leo naionea haya.

Mwaka huohuo Fundi alikuwa ameoa, binti wa karibu na Segese. Nilikwenda kwenye harusi. Nilimwona mama mkwe wake akipita na ndoo, na Fundi akaacha njia, akaingia kwenye majani, akageuka kutazama mbali mpaka mama amepita. Kwa walioshika mila kwetu ndivyo ilivyo. Mama aliyemzaa mkeo humshiki mkono, humkazii macho, huli naye sahani moja. Anakuheshimu na wewe unamwogopa, na hofu hiyo ndiyo inayoshikilia nyumba.

Miezi mitatu baada ya kamera kuwekwa, mvua ikiwa imekataa na pamba imeungua, mama huyo alikuja mgodini kutafuta kibarua kama wenzake. Akaandikwa uwanja wa kuchambua mawe. Mimi sikujua. Fundi alijua, kwa sababu asubuhi ya kwanza alimwona akiingia getini kwenye kamera namba moja, na akajua wapi atapita saa kumi.

Jioni hiyohiyo alikuja kwenye kontena langu.

"Dada, naomba unihamishie kwenye pampu."

"Kwa nini? Pampu ni tope na kelele."

"Macho yananisumbua."

Nikamwandikia barua aende Kolandoto akapimwe, maana hospitali ile niliijua tangu utoto na niliiamini. Alisafiri siku nzima kwenda, siku nzima kurudi, akaleta karatasi inayosema macho ni mazima. Nilimkaripia. Nilimwambia kama amechoka kazi aseme, asinipotezee siku mbili. Akasema, "Samahani, dada," akarudi ghorofani.

Wiki iliyofuata alimtuma mtu, kama tunavyotuma mtu kwenye jambo zito. Mpishi wa kantini, mwanamume wa makamo, akaja akaketi, akazunguka mbuyu kwanza: hali ya hewa, bei ya mchele, afya ya baba yangu. Mwisho akasema, "Yule kijana wako pale juu hapamfai." Nikamjibu kama hapamfai aje aniambie mwenyewe, hapa ni kazini, si barazani. Mpishi akanitazama kwa huruma, akaondoka. Msukuma niliyelelewa na Wasukuma, nimeletewa mshenga, nikamfukuza kama mdai!

Mara ya tatu alikuja mwenyewe. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Dada, ile kamera namba tatu ingehamishiwa nje ya mlango. Ingeona mikono tu."

"Mteja ndiye anayechagua," nikasema, bila kuinua kichwa kwenye karatasi zangu.

Akaenda zake. Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu aanze kuomba. Mlinzi aliyekaa naye aliniambia baadaye kwamba katika wiki hizo, ikifika saa kumi, Fundi alikuwa anageuza kiti anatazama ukuta, na mlinzi yule alikuwa anamcheka.

Baada ya hapo hakuomba tena, na mimi nikafurahi kwamba ametulia. Mtu mwenye akili angeogopa.

Kilichotokea nilikielewa miezi miwili baadaye. Mkuu wa ulinzi aliamua kupitia mikanda ya zamani. Akagundua kwamba kila siku, kuanzia saa kumi kamili mpaka saa kumi na nusu, zamu ya kamera namba tatu ikifika skrini inakuwa bluu. Sekunde kumi za bluu, halafu ghala, geti, karasha, halafu bluu tena. Dakika moja kabla na dakika moja baada, kamera ni nzima. Mlinzi wa ghorofani, aliyeiona bluu hiyo kila siku, alikuwa ameambiwa na Fundi kwamba ni waya. Akaniita, akanionyesha, uso umemwiva.

"Hili si tatizo la waya," akasema. "Hapa kuna mtu amefungua mlango wa kutolea dhahabu yangu."

Niliomba nipewe muda wa saa moja. Nikachomoa chipu, nikaisoma kwenye kompyuta. Programu yangu ilikuwa pale, na katikati yake pameongezwa mistari kumi na moja. Ilikuwa kazi nzuri, nasema bila haya. Alikuwa ameshika saa ya kisanduku, akaiambia ifunge picha ile tu, muda ule tu, bila kugusa nyingine, na siku ya Jumapili wanawake wasipokuja isifunge kitu. Chipu ya zamani lazima alikuwa ameianika mahali, juu ya bati la bweni lake labda. Kwenye diski yake nilikuta maandishi ya programu yenyewe, na ile sehemu aliyoiongeza alikuwa ameipa jina, kama tunavyozipa majina sehemu za programu. Aliiita BLUU.

Nikakaa chini. Niliikumbuka sebule, baba mkwe, mkamwana anamenya viazi. Nikatoka nikaenda ofisi ya utumishi, nikaomba daftari la vibarua wa uwanja wa mawe, nikapitisha kidole mpaka nikamwona mama wa Segese. Tarehe aliyoandikwa ilikuwa siku ileile Fundi alipokuja kuniambia macho yanamsumbua.

Kikao kilifanyika kesho yake asubuhi. Walikuwepo mkuu wa ulinzi, afisa utumishi, Fundi na mimi. Mkuu alizungumza Kiingereza, na kazi ya kutafsiri nikapewa mimi, yaani nimshtaki mtu wangu kwa mdomo wangu.

"Muulize alikuwa anamfichia nani."

"Anauliza ulikuwa unamfichia nani."

Fundi alitazama viatu vyake. "Mwambie nimekosa, dada."

"Amekosa nini?" mkuu akauliza.

"Nimekosa tu."

Nilielewa. Akisema kwamba mama mkwe wake alikuwa anavuliwa khanga kwenye skrini ile, watu wote watajua kwamba yeye alikuwa amekaa mbele yake. Hakuna atakayeuliza kuhusu kiti kilichogeuzwa ukutani. Neno hilo likitoka pale litafika Segese kabla ya jua kuzama, na mama yule hataweza tena kukaa na watu. Kuliko hivyo, aitwe mwizi. Alinitazama mara moja, akatikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa ananiomba nisiseme.

Afisa utumishi alikuwa mtu wa hukuhuku. Aliinama mezani akauliza kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, kama kuna mtu wa kwake Fundi kati ya wale wanawake. Fundi akageuza uso akatazama ukuta. Afisa akaifunga kalamu yake. Alikuwa ameelewa, nilimwona alivyoelewa, naye ana mama mkwe kama watu wote. Kisha akaifungua tena kalamu, akaandika, akisoma kwa sauti: "Mtuhumiwa amekiri." Mgeni namlaumu kwa mengi, lakini huyu namlaumu zaidi.

Halafu wakanigeukia mimi, wakataka kauli ya kitaalamu.

Nikasema, "Mitambo haina hitilafu. Programu imebadilishwa na fundi kwa makusudi."

Kila neno lilikuwa kweli, na sijawahi kusema kitu kichafu kuliko hicho. Nimejitetea miaka mingi kwamba nilikuwa namtunzia siri yake. Ni kweli nusu. Nusu nyingine nilikuwa natunza mkataba wangu. Na kulikuwa na sentensi moja ambayo ningeweza kuisema bila kumtaja mkwe wa mtu yeyote: kamera haikutakiwa kuwekwa chumba kile. Basi. Maneno mepesi, hata mtoto angeyapata. Mimi meneja niliyapata siku tatu baadaye, nikiwa naoga.

Walimtoa Fundi kwa kumsindikiza na walinzi wawili. Dhahabu iliyopotea hakuna aliyeionyesha, hata punje, lakini getini walibandika karatasi yenye picha yake, jina lake kamili na neno MWIZI kwa herufi kubwa. Picha yenyewe ilikuwa imetolewa kwenye kamera namba moja, niliyoifunga mimi pia. Wanawake wa uwanja wa mawe walisimamishwa wote, wakahojiwa, wakaanza kurudishwa mmoja mmoja. Wa Segese hakungoja kurudishwa, alikwenda kwake.

Fundi alirudi Shinyanga. Nilisikia kwamba Mzee wa duka, aliyekuwa ameshapata habari zote za wizi kabla yake, alimvutia kiti chake cha zamani karibu na deki na kumwuliza kama bado anajua kubonyeza. Hakumwuliza kingine. Lakini nilisikia pia kwamba mkewe ameitwa kwao, na kwamba ndugu wanajadili ng'ombe wa mahari warudishwe, kwa sababu ukoo ule haukai na mwizi.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala na siri. Nikapanda lori la pamba mpaka Segese, nikakodi baiskeli mpaka kwake.

Nilimkuta uani, anakata viazi kwa ajili ya michembe, sinia limejaa vipande vyeupe. Nilipiga goti, nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Wewe ni yule mkubwa wa mitambo."

"Ndiye mimi."

Akanionyesha kigoda. Akaendelea kukata.

"Kaka zangu wamekaa jana," akasema. "Wanasema mwanangu arudi. Mkwe tuliyemwona mtulivu kumbe alikuwa anawafungulia wezi mlango. Mimi nilisimama pale kwenye foleni na wenzangu wakinitazama kana kwamba dhahabu imo kwenye kilemba changu."

"Mayu, kwenye kile chumba mnachopekuliwa, juu ya taa, mliwahi kuona kidude cheusi?"

"Tulikiona. Tuliambiwa ni cha kunusa moshi, usije ukazuka moto."

Hilo sikulijua. Wanawake thelathini walikuwa wamedanganywa kwa kidude changu, na kwa uongo unaojifanya unawahurumia!

"Si cha moshi," nikasema. "Ni jicho. Linapeleka picha ghorofani, kwenye chumba wanachokaa wanaume."

Kisu kikasimama.

Nikaona nikinyamaza hapo nitakuwa nimemuua, nikaharakisha. "Mkweo alikuwa kazini kwenye chumba hicho. Lakini kila mlipoingia ninyi, picha ilikuwa inafungwa. Hakuna mtu aliyewaona. Yeye ndiye aliyeifunga, kwa akili yake, bila kutumwa na mtu. Kosa walilomfukuzia ni hilo. Na walipomwuliza sababu, alikataa kuisema."

Mama alivuta khanga akafunika miguu yake, ingawa ilikuwa imefunikwa.

"Aliifunga tangu lini?"

Nilikuwa nimelijua swali hilo tangu nikiwa juu ya lori. Jibu la kweli lilikuwa na wiki tatu ndani yake, wiki za kuombwa mara tatu na kukataa mara tatu.

"Tangu siku yako ya kwanza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole. Sijui kama aliniamini. Akachukua kiazi kingine, hakukikata.

"Na aliyekiweka ni nani?"

Hapo sikuwa na uongo mwingine. "Ni mimi, mayu."

"Wewe mwanamke."

"Mimi."

"Na sasa hivi bado kipo?"

"Kipo."

Aliniinulia macho kwa mara ya kwanza. "Sasa umekuja kunieleza nini?"

Aliendelea kunitazama mpaka nikasimama mwenyewe. Maji hakunipa, na kwetu mgeni haondoki bila maji. Nilipofika kwenye mlango wa ua akaniita kwa nyuma.

"Mwanangu atabaki kwa mumewe. Kaka zangu nitawaambia nimekataa, na sababu sitawaambia. Wewe nenda."

Kesho yake saa kumi alasiri nilisimama kwenye foleni ya wanawake waliokwisha kurudishwa, na ngazi begani, sanduku la spana mkononi na bisibisi mfukoni. Mlinzi wa kike akadhani nimekuja kwa matengenezo, akanipisha. Nilipanda ngazi mpaka uso wangu ukawa sawasawa na kioo cha kamera, wanawake wawili wakiwa chini yangu wameshika mafundo ya khanga zao, wengine wamejaa mlangoni.

"Akina mama," nikasema, "hiki si cha moshi. Ni kamera. Niliiweka mimi. Picha yake inatazamwa na wanaume ghorofani."

Mmoja tu alisema, "Lo," kwa sauti ndogo. Nikakata waya, nikafungua skrubu nne, nikashuka na kamera mkononi. Juu, kwa mkuu wa ulinzi, zamu ya namba tatu ilipofika alipata bluu. Nilisikia buti zake zikishuka ngazi za chuma.

Nilipita getini kabla hajanifikia. Karatasi yenye jina la Fundi niliichana, na mlinzi wa zamu akageukia upande mwingine kama aliyeona mkwe wake anapita. Mkataba wangu ulikufa papo hapo, nami nikabaki nje nimekalia sanduku la spana nikingoja gari la kwenda mjini. Nilikaa pale mpaka saa kumi na mbili. Mlinzi wa geti alininong'oneza kwamba wanawake walikuwa bado wako ndani, mkuu wa ulinzi akiwafokea kwa Kiingereza na afisa utumishi akitafsiri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekubali kufungua khanga.